Ndoo zilikaa foleni, mama zetu wakakaa

Nilikuwa kwenye daladala, tumesimama Ubungo kwenye foleni isiyosogea, simu ikatetemeka mkononi, nikafungua grupu la kijiji nikakuta picha. Picha moja tu. Injini ya mashine yetu ya kusaga imetolewa nje ya banda, imeegeshwa kwenye majani, gurudumu lake moja limezama kwenye tope, na pembeni kasimama kijana na mzani wa kupimia chuma chakavu.

Chini ya picha maneno machache. Ile mashine ya zamani inauzwa, hela itamalizia vyoo vya shule ya msingi, banda litabomolewa kiwanja kipangiwe kazi nyingine, mlioko nje ya kijiji kama mna maoni toeni.

Nikaandika "Hapana".

Nikafuta.

Nikaandika "Subirini kwanza jamani". Nikafuta na hiyo pia, maana mtu aliyeondoka kijijini miaka yote hii anawaambia wasubiri nini, na anawaambia kama nani, watoto wanapanga mstari kwenye matundu manne ya choo halafu mimi nalilia chuma.

Ilikuwa mwezi wa tano. Wiki zikapita, wenzangu wakaandika maoni yao, wengine wakaweka dole gumba, mimi kimya. Lakini usiku nikilala naisikia. Ile tu-tu-tu-tu. Mpaka mwezi wa saba nikaomba ruhusa kazini nikapanda basi la Njombe.

Mashine imeamka

Waliokulia vijijini nyanda za juu kusini hawahitaji kuelezwa huo mlio, lakini acha niuandike kabla haujanitoka.

Mzee wa mashine alikuwa anafika kabla jua halijatoka vizuri. Anajaza maji kwenye pipa, anapima oili kwa kijiti, anafuta mikono, halafu anashika hendeli na kijana wake mmoja wanaanza kuzungusha, na juu ya injini kuna kijiti kingine kimeinuliwa kuachia pumzi ili isiwe nzito, magurudumu yakishachanganya mwendo anakiangusha. Injini inakohoa. Tu. Kimya. Tu. Kimya kidogo. Tu, tu, halafu inashika yenyewe na haiachi tena mpaka jioni. Kwenye eksozi walifunga kopo la bati lililotobolewa, makusudi kabisa, ili mlio uwe mkali ufike ng'ambo ya bonde, hata waliokaa mbali wajue leo dizeli ipo.

Bibi yangu akisikia alikuwa anasema mashine imeamka. Hakuwahi kusema imewashwa. Imeamka, nyie amkeni.

Safari hii nilipofika nilienda kuiona kabla hata sijaweka begi vizuri. Bado ilikuwa pale kwenye majani, mnunuzi alikuwa hajarudi na gari. Nikachukua kona ya kanga nikafuta kile kibao cha shaba ubavuni, grisi ya miaka ikatoka kidogo kidogo mpaka maandishi yakaonekana: R. A. Lister, Dursley, England. Utoto mzima nimekaa mita mbili kutoka kwenye hicho kibao na sijawahi kukisoma.

Dursley ni mji mdogo tu kusini magharibi mwa Uingereza, hiyo kampuni ilianza hapo 1867. Hizi injini zao za mwendo wa pole zilisambaa karibu kila mahali duniani ambako hakuna umeme, kuvuta maji, kusaga, kufua umeme, na Wahindi wa Rajkot wakazinakili mpaka leo zipo. Sababu ni moja, hazina mambo mengi. Fundi wa kijijini anaifungua yote kwa spana chache akaifunga tena, na inapozwa na maji ya pipa tu, yanazunguka yenyewe, ya moto yanapanda, ya baridi yanashuka, hakuna pampu.

Hilo pipa ndo nataka kulisema.

Pipa

Njombe mwezi wa sita na wa saba ni baridi ambayo watu wa Dar nikiwaambia wanadhani natia chumvi. Asubuhi majani yana barafu nyeupe, vidole havikunji, mdomo unapasuka. Sasa pembeni ya mashine kulikuwa na pipa la lita mia mbili, na kufika saa tatu maji yake yanafuka mvuke.

Tulikuwa tunapanga mstari pale watoto. Mzee anachota kwa kopo anatumiminia mikononi, kisha miguuni, zile nyufa za visigino zikiguswa na maji ya moto zinawasha halafu zinalegea. Mama mwenye mtoto mchanga alikuwa anapewa ndoo nusu amwogeshee mtoto nyuma ya banda, upande ambao ukuta unapata joto la injini. Wagonjwa walitumiwa maji. Naamini kuna wazee waliovuka ile miezi kwa sababu ya lile pipa.

Mzee akichota maji ya moto anajaza ya baridi, kwa hiyo pipa linazidi kufanya kazi yake. Hakuna aliyeuziwa. Hakuna kibao kilichoandikwa huduma ya maji. Injini ilikuwa inatupa joto ambalo haina kazi nalo, na kijiji kikajua cha kulifanyia.

Na unga. Jamani ule unga ukitoka pale mdomoni unakuwa wa moto. Unajaza ndoo, unajitwisha, unapanda mlima kurudi nyumbani na joto linakushukia kichwani mpaka shingoni. Sijui kama kuna blanketi nimewahi kulipenda kama ile ndoo.

Foleni

Kwetu wengi hawakuwa watu wa dona. Mahindi yanakobolewa kwanza, unarudi nayo nyumbani na pumba zako za nguruwe, unaloweka siku kadhaa, unaanika, ndo unayapeleka tena kusaga upate ule unga mweupe kama chaki. Kwa hiyo debe moja la mahindi lina safari mbili mashineni. Ukiweka na kimea cha ulezi cha komoni, ile pombe yetu ya kienyeji, mwanamke wa nyumba ya kawaida pale alikuwa haishi kwenda.

Na foleni ilikuwa ya ndoo, si ya watu. Ukifika unaweka ndoo yako nyuma ya ya mwisho, hapo umeshawakilishwa. Madebe, ndoo, vikapu, masado, kila moja na alama yake, kitambaa chekundu kwenye mshikio, fundo la kanga, jiwe juu ya mfuniko. Ndoo ikisogezwa mbele yoyote aliye karibu anasogeza na za wengine. Kuruka foleni ilikuwa aibu kubwa, isipokuwa mjamzito na mwenye msiba, hao ndoo zao zinabebwa zinapelekwa mbele bila mtu kuuliza.

Kingine, asubuhi hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mashine ikiwa tupu inakula, yaani unga wako wa mwanzo unabaki unajaza nafasi ndani, unapeleka debe unarudi na pungufu. Kwa hiyo utaona ndoo zimefika tano na wenyewe wanapishana kwa adabu, tangulia wewe mama fulani, hapana tangulia wewe. Mwisho wakakubaliana wa kwanza apewe kisahani kimoja kutoka kwa kila anayemfuata. Hii haikuandikwa popote na haikupitishwa na mkutano wowote, lakini ilifuatwa miaka yote niliyokuwa pale.

Ndoo zikishakaa foleni, mama zetu wanakaa kwenye baraza. Benchi la mbao mbili, refu, limechakaa katikati likawa linang'aa. Hapo ndo mambo yote yalikuwa yanapita. Nani katumiwa barua na mwanae kutoka migodini, binti wa nani kaposwa na hao waposaji ni watu gani, mbegu ipi imeota vizuri, nani kaishiwa chumvi na ataona aibu kuomba. Mkunga wa kijiji alikuwa anakuja hata kama hana cha kusaga, anakaa tu mwisho wa benchi, na wenye shida zao wanasogea mmoja mmoja.

Mzee wa mashine masikio yalikuwa yameshaharibika kwa kelele, alikuwa anasoma midomo. Ukimwambia kitu unasimama mbele yake unakunja mdomo vizuri anakuelewa. Akina mama walijua. Kwa hiyo wakifika kwenye jambo zito la ndani wote kwenye benchi wanageuza nyuso upande wa mto, kwa pamoja, kama ndege wanavyogeuka, na yeye kope zote nyeupe kwa unga anageukia mashine yake.

Nilikuwa naona ni mchezo. Sasa hivi nikikumbuka nyuma zile za vichwa na vilemba vimegeuka vyote kule, najiuliza ni mangapi yalisemwa pale.

Nilichokuwa nataka

Nisiwafiche, kwenye basi nilishapanga kila kitu. Nilitaka tufanye makumbusho. Injini isafishwe, ipakwe rangi ya kijani kama ilivyokuwa, banda liezekwe upya, picha za zamani ukutani, watoto wa shule waje na walimu wao. Tulioko mijini tuchangishane, hela ya vyoo tuitoe sisi. Nilikuwa hata na mahesabu kwenye simu.

Usiku ule tumekaa jikoni kwa shangazi, dada wa marehemu baba, moto unawaka, nikamsomea.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akaongeza kuni. Akaniuliza, mwanangu, unamkumbuka yule mama wa kule juu, mwenye vidole viwili mkono wa kushoto?

Namkumbuka.

Unajua vilienda wapi?

Nikanyamaza, maana nilikuwa nimejua na nimeacha kujua. Kanga ilishikwa na mkanda. Ule mkanda mrefu wa kutoka kwenye injini kwenda kwenye kinu cha kusagia ulikuwa wazi, unapita usawa wa kiuno, na wanawake wanainama pale kukinga unga. Kanga ikavutwa, akajaribu kuikomboa kwa mkono. Wavu wa kuziba mkanda ulifungwa baada ya hapo. Baada.

Shangazi akaendelea kusema kwa sauti yake ya kawaida, wala hakuwa na hasira. Akasema kuna siku tulikuwa tunafika na ndoo kichwani na mtoto mgongoni, tumetembea tangu alfajiri, tunaambiwa mashine mbovu. Unarudi na mahindi yako. Unarudi kwa mume anayeuliza ugali. Wewe unakumbuka maji ya moto, ulikuwa mtoto, ulikuwa unatumwa kulinda ndoo.

Sikuwa na la kujibu. Azimio la Arusha lenyewe, 1967, limesema wazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi saa 12 hata 14 kwa siku, mpaka Jumapili na sikukuu, na wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Tulifundishwa Azimio shuleni mpaka tukalikariri, na hapo kwenye hiyo sehemu tulikuwa tunapita haraka.

Nilienda kulala nimeshaamua kuacha. Iuzwe.

Jiwe

Ila kesho yake shangazi mwenyewe ndo akalirudia. Alikuwa anapepeta maharage nje, akaniita, njoo nikuonyeshe.

Nyuma ya nyumba kwenye ndizi kuna jiwe la kusagia la mama yake, bibi yangu. Limezama ardhini nusu, lina mbonyeo katikati wa umbo la mashua, na ndani ya mbonyeo ni laini, ukipitisha kiganja kinateleza kama kwenye sabuni. Huo mbonyeo haukuchongwa. Ni mikono ya bibi na mama yake bibi, kwenda na kurudi.

Akapiga magoti pale, mtu wa miaka sabini na kitu, akanionyesha jinsi mwili unavyolala mbele, uzito wote kwenye viganja, unasukuma unarudisha. Akaniambia walikuwa wanaamshwa jogoo la kwanza. Unasaga ulezi au mahindi ya siku hiyo tu, ya kesho utasaga kesho. Peke yako, gizani, magoti kwenye udongo wa baridi. Kutwanga kwenye kinu mnaweza kuwa wawili watatu mnapokezana michi mnaimba, lakini jiwe ni la mtu mmoja. Ukisaga husemi na mtu.

Mashine ilipokuja, akasema, mimi sikufurahi kwa sababu ya unga.

Nikamtazama.

Nilifurahi kwa sababu ya kukaa.

Kukaa

Ngoja nieleze alivyonieleza, kwa kadiri ninavyoweza.

Kijiji chetu ni cha Operesheni Vijiji, ile ya kuhamisha watu kutoka mashambani kwao kwenda vijiji vilivyopangwa, mnajua wenyewe. 1973 walikuwa wamefuata kampeni ya Mtu ni Afya redioni, wamekaa vikundi vikundi, wakachimba vyoo vipya kila kaya. Mwaka uliofuata wakahamishwa. Wakaviacha vyoo vimesimama kule kwenye mashamba ya zamani, vingine havijaisha mwaka. Wakaja kwenye kijiji kipya ambako jirani yako humjui, umepangiwa naye mstari. Wanaume walikuwa na mikutano, walikuwa na kilabu cha ulanzi. Wanawake walikuwa na kisima, lakini kisimani huketi, unachota unaondoka kuna mwenzako nyuma. Na kanisani ni Jumapili na unakaa kimya.

Mwanamke aliyekaa tu nje mchana ameweka mikono mapajani alikuwa anaulizwa. Leo huna kazi? Mume atauliza, mama mkwe atauliza, mpita njia atauliza. Mpaka leo wanauliza, semeni kama naongopa.

Kisha kijiji kikachangishana mahindi, kila kaya gunia, ikanunuliwa mashine. Na mashine ina foleni. Na foleni ni ya ndoo. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza, shangazi anasema, nilikuwa na saa mbili, saa tatu, ambazo nimekaa kitako na wanawake wenzangu na hakuna mtu hata mmoja duniani wa kuniuliza umekaa unafanya nini.

Nasubiri unga.

Jibu lilikuwa hilo, na lilitosha kwa kila anayeuliza. Pale benchi ndo alimjua jirani yake wa kupangiwa, ambaye baadaye walizika pamoja, wakaozesha watoto pamoja, huyu akamnyonyesha mtoto wa yule. Pale ndo walianzisha kile chama chao cha kuzikana ambacho kipo mpaka sasa. Mwanzoni walikuwa wanachangia mahindi, kila mtu anachota kibaba kutoka kwenye ndoo yake anamimina kwenye gunia moja kabla haijafika zamu, na nilikuwa nausema ule msemo wa haba na haba hujaza kibaba maisha yangu yote nikifikiri ni maneno ya kwenye khanga na madaftari tu.

Akanikumbusha pia miaka ya dizeli. Baada ya vita ya Kagera, 1979 kwenda mbele, mambo yalikuwa magumu, sabuni hakuna, mafuta hakuna, unga wa njano wa msaada ambao watu waliuita yanga. Mashine ilikuwa inanyamaza hata mwezi. Wakarudi kwenye vinu na mawe. Na unajua tulifanya nini, akasema, siku za kusaga tulikuwa tunachukua ndoo zetu tunaenda kukaa pale pale kwenye benchi. Kimya, hakuna injini. Tunasema tumekuja kuulizia kama dizeli imefika.

Nilimwuliza, na mlikuwa mnajua haijafika?

Tulikuwa tunajua.

Umeme

Umeme ulikuja na ule mradi wa REA, Wakala wa Nishati Vijijini, kuunganishiwa shilingi 27,000, watu wakaunganisha, na ndani ya miaka miwili kijiji kikawa na mashine tatu za umeme barabarani. Unabonyeza swichi inazunguka, mkanda umefunikwa, hakuna moshi, hakuna kukoga oili. Debe moja unamaliza hujakaa vizuri. Vijana wanapeleka kwa pikipiki wanarudi. Na dukani kuna sembe ya pakiti kwa asiyetaka kabisa kwenda.

Ile ya zamani ikasimama. Hakuna aliyeizima kwa hasira, ilikosa tu wateja, na mzee wa mashine alishafariki, kijana wake alienda Makambako.

Sina neno baya juu ya umeme na sitaki mtu asome hapa akadhani nasema turudi nyuma. Mpwa wangu anasoma usiku kwa taa. Ila hizi wiki zote nilikuwa nalilia chuma, na kilichopotea hakikuwa kwenye chuma. Foleni ilikuwa kero, kila mtu aliilaani, hata shangazi aliilaani, na ndani ya hiyo kero ndo kulikuwa na kibali. Ulipoondoa kusubiri ukaondoa na sababu ya kukaa, na hakuna aliyegundua kwa sababu hakuna aliyewahi kuiandika kwenye orodha ya kazi za mashine. Kwenye kitabu cha kijiji mashine imeandikwa kukoboa na kusaga.

Nilimwuliza shangazi, sasa tufanyeje? Nikitegemea atasema tuitunze.

Iuzeni, akasema. Watoto wanahitaji vyoo, sisi tuliacha vyoo vyetu kule tukajua adha yake. Chuma waende nacho.

Banda je?

Hapo hakujibu. Akasema kesho naenda kusaga, utanisindikiza.

Asubuhi

Kulikuwa na ukungu hata mto hauonekani. Shangazi akachukua ndoo ya njano, kitambaa chekundu kwenye mshikio, mahindi hayakufika hata nusu. Nikampokea.

Mashine ya umeme ya kwanza iko karibu sana na kwake, mlango uko wazi, taa inawaka, hakuna mtu. Nikataka kuingia. Akapita. Nikafikiri labda wana ugomvi. Tukafika ya pili, akawasalimia, kamwene, kamwene, akapita. Tukaenda mpaka ile ya tatu, chini kabisa karibu na mto, ambayo ukuta wake unapakana na banda la zamani.

Akamkabidhi ndoo kijana wa mle ndani. Kijana akaiweka pembeni bila kuuliza, kama mtu aliyezoea.

Shangazi akazunguka nyuma. Kwenye baraza la banda lililofungwa, juu ya lile benchi la mbao mbili, walikuwa wamekaa wanawake watatu wa umri wake, kanga mbili mbili mabegani, mikono mapajani. Wakasogea, akakaa. Wakaniangalia, wakanisalimia kwa jina la bibi yangu, maana nimerithi jina lake, wakanisogezea na mimi nafasi.

Kule mbele kulikuwa na ndoo nne zimepangwa ukutani. Hakuna hata moja iliyokuwa na haraka.

Niliandika kwenye grupu nikiwa pale pale kwenye benchi, vidole vimekufa ganzi. Niliandika injini iuzwe, naunga mkono vyoo na mchango wangu natuma leo. Banda lisibomolewe. Baraza na benchi vibaki, kiwanja kiandikwe kwa jina la kile chama cha kuzikana. Mwenyekiti akajibu kwamba litapelekwa mkutano mkuu wa kijiji. Ninavyoandika hapa injini imeshaenda, nimetumiwa picha ya gari, banda bado limesimama, na mkutano haujakaa. Wa kijiji chetu mnaosoma hapa, wa kike na wa kiume, nawaomba muende siku hiyo mseme.

Tulikaa kama saa nzima. Walikuwa wanazungumzia mambo ambayo siwezi kuyaweka hapa, na ilipofika sehemu fulani wakageuza nyuso upande wa mto, nami nikageuza.

Ukungu ulipoanza kupanda kijana wa mashine akachungulia kwenye kona, unga kwenye kope, akasema bibi, nafasi ipo, nisage ya kwako?

Shangazi akamwambia awapishe kwanza wanaokuja.